Rangi Nyeupe kwenye Miuru ya Karurumo

Jua la Jumamosi halijachomoza vizuri, na tayari Nelius Ruguru amepiga magoti kwenye umande, anausugua mti kwa brashi ya waya. Anasugua kama mtu anayeosha sufuria iliyoungua. Kila baada ya muda anasimama, anageuza shingo kuelekea barabara ya vumbi itokayo Karurumo, anasikiliza, kisha anarudi kusugua.

Anachofuta ni namba tano. Aliiandika mwenyewe wiki mbili zilizopita, kwa rangi nyeupe ya mafuta. Rangi imezama katika nyufa za gome na haitaki kutoka.

"Nikisikia gari, roho inaruka," anasema bila kuinua macho. "Wale watu wa pawaso walisema wanarudi leo. Wakikuta hii namba, mti inaenda. Na si kwa ubaya wao. Ni mimi niliwaandikia."

Pawaso ni ule msumeno wa petroli ambao sauti yake hufika kijijini kabla ya mwenyewe. Na mti anaoupigania Nelius ni muuru, mti wa asili wa miteremko hii ya Mlima Kenya, ambao wauza mbao wanauita Meru oki. Jani lake limegawanyika mara tano kama kiganja cha mkono. Tunda lake likiiva huwa jeusi na tamu, na hakuna mtoto aliyelelewa huku ambaye hakuwahi kurudi nyumbani ulimi ukiwa umemsaliti kwa mamake.

Tatizo la muuru ni kwamba mbao zake ni nzuri mno. Kizuri hakikosi wateja, na wateja wamekuwa wengi.

Nelius ana miaka arobaini na sita na watoto watatu. Riziki yake ni kitalu cha miche kilicho kando ya barabara, nje kidogo ya kituo cha Karurumo. Mche wa mukima, ule mti wa haraka unaopandwa kati ya kahawa, anauuza shilingi ishirini na hauchelewi kupata mnunuzi. Mche wa muuru huweza kukaa naye misimu miwili bila kuulizwa hata bei.

"Watu wananiambia, Nyina wa Rwamba, nani atangojea hiyo?" anasema. Rwamba ni kifungua mimba wake. "Nikaona, mtu mzima amekataa kuipenda hii mti. Wacha nijaribu na mtoto."

Ndivyo ulivyoanza msako wa hazina. Kila Jumamosi ya pili ya mwezi, watoto wa shule ya msingi iliyo karibu huja na mwalimu wao, Makandi, hadi kwenye mteremko mmoja ulio juu ya kijito, ambako miuru mikubwa imebaki. Wanagawanywa katika vikundi. Kila kikundi kinategewa kitendawili, na jibu lake ni mti mmoja mahususi. Wakiupata wanategewa kingine, hadi wafike kwa muuru mkubwa kuliko yote, ambao Nelius huuita Mama.

Vitendawili anavitunga akimwagilia miche. Kuna mti uliotundikwa mzinga wa nyuki: "Nyumba yangu haina mlango, na wenyewe wote wana sindano." Kuna uliosimama ukingoni, mizizi yake miwili minene imeingia kijitoni: "Bibi kizee ameketi, magoti yote mawili yako majini." Hazina yenyewe ni bati la biskuti lililofichwa kati ya mizizi ya Mama, na ndani yake kuna miche ya muuru ya kupeleka nyumbani. Mbegu za miche hiyo zote hutoka kwa Mama. Miti mingine ya hapo huzaa kidogo na kwa kusuasua, lakini yeye huzaa kila mwaka.

Kwa miezi mingi mambo yalikwenda salama. Shida ilikuwa moja tu: watoto wadogo walipotea. Waliulizwa muuru, wakakumbatia mukima. Nelius alijaribu kuifunga miti yake vitambaa, mbuzi wakavila. Alipofunga vingine juu zaidi, watu walivifungua wakaenda kufungia nyanya.

Ndipo alipokumbuka rangi iliyobaki walipopaka geti la kanisa. Akaomba kopo, akaandika namba moja hadi tisa, kubwa, nyeupe, za kuonekana kutoka mbali.

"Nilijua wanunuzi wa miti wanaweka alama," anasema. "Mimi si mgeni hapa. Lakini wote nimewahi kuona wanatumia nyekundu. Nikasema nyeupe haina neno."

Mnunuzi wa mara hii anatumia nyeupe. Tena anatumia namba.

Mteremko ule si wa Nelius. Ni wa Ngari, karani katika mji wa Embu, aliyeurithi kwa babake. Alipoombwa ruhusa ya msako alitoa kwa moyo mkunjufu, na sharti moja: wasiharibu kitu. Mwezi uliopita, bintiye alipopata nafasi ya chuo, Ngari aliuza miti kadhaa ya sehemu ya juu, karibu na kahawa. Mti ni wake, kibali cha chifu kipo, na binti lazima asome. Mnunuzi akamtuma mtu wake aiwekee namba, na mambo mengine wakayamaliza kwa simu.

Hakuna mwizi katika kisa hiki. Kila mmoja alifanya lililo haki yake, na kwa haki hizo zote miti tisa isiyouzwa ikawa imeandikiwa kifo.

Alhamisi Nelius alikuwa sokoni Runyenjes na miche yake. Aliporudi jioni alipitia mteremkoni kuokota matunda.

"Niliona mwanga mahali hapakuwa na mwanga," anasema, na hapo brashi inasimama. "Nikajua kabla sijafika. Nikakuta unga wa mbao bado una maji. Ile ya kijitoni, Bibi kizee. Nilikaa chini. Sikulia, lakini nilikaa chini."

Majirani walimwambia mafundi wameanzia chini, kwenye namba ya kijitoni, petroli ikawaishia, na kwamba wangemalizia Jumamosi. Je, kwa nini hakumpigia Ngari simu saa ile ile? Swali hilo linamkereketa.

"Niliogopa," anasema waziwazi. "Shamba ni yake. Aliniambia nisiharibu kitu, mimi nikachukua brashi nikaandika miti ya mtu. Akikasirika, msako umekwisha. Nikasema nifute kwanza, nimwambie baadaye."

Hesabu za mwenye hofu huwa hivyo. Amefuta tatu, nne na tano, na kabla ya hizo kanamba kamoja ambako katika lile giza la alfajiri hakukasoma vizuri. Sasa ameshika njia kwenda kwa Mama, namba tisa, na ndipo gari linaposikika.

Ni pikapu kuukuu. Anayeshuka ni Kailemia, fundi wa pawaso, mzaliwa wa Mikinduri, mtu mrefu aliyevaa gambuti na kofia ya sufu. Macho yake yanakwenda kwenye brashi, yanapanda kwenye mti uliochubuliwa, yanarudi kwenye brashi.

"Mama, habari ya asubuhi," anasema kwa upole. "Unafuta alama ya mti ya watu?"

Nelius anairudisha brashi nyuma ya mgongo.

Kile ambacho hakukijua, na ambacho kila fundi wa pawaso anakijua, ni hiki: mti usio na alama ni mti wa mwenyewe, lakini mti uliofutwa alama ni mti unaoibwa. Wezi wa mbao huchubua namba usiku, hukata, halafu lawama humwangukia fundi aliyekabidhiwa kazi. Kailemia yalimkuta yayo hayo kwao Mikinduri. Aliitwa mbele ya chifu, na pawaso yake ikakaa huko mwaka mzima huku watoto wake wakila kwa kukopa dukani.

"Mimi siwezi acha hii hivi," anasema akitoa simu mfukoni. "Kama hizi zimefutwa, mwenye shamba lazima ajue. Si kwa ubaya, mama. Najilinda."

"Fundi, hizo namba ni zangu," Nelius anasema hatimaye. "Niliandikia watoto. Ya mchezo."

Kailemia anamtazama kwa huruma ya mtu asiyeamini hata neno. "Kila mtu mwenye nimewahi pata akifuta alama alikuwa na hadithi. Yako ndiyo mzuri kushinda zote."

Anampigia Ngari. Kwa bahati, au kwa mkosi, Ngari yuko nyumbani kwa ajili ya mkutano wa kanisa, na haipiti muda bodaboda inamshusha njiani. Wakati huo huo, kutoka upande wa pili, inasikika sauti ambayo kwa siku nyingine humpa Nelius raha kuliko zote: watoto wanakuja wakiimba, Mwalimu Makandi akiwa mbele yao na kofia yake ya jua. Nelius anafunika uso kwa kitambaa cha kichwa.

Anaeleza yote. Anaeleza haraka, kwa Kiembu, halafu tena kwa Kiswahili ili Kailemia asikie. Ngari anasikiliza mikono ikiwa mfukoni.

"Nyina wa Rwamba, ungeuliza tu," anasema. Hapazi sauti, na hilo ni baya kuliko kelele. "Ungeuliza, ningekwambia hapana, na leo hatungekuwa hapa."

"Ni kweli."

"Mimi niliuza ya juu. Ya huku chini sikuuza."

"Basi tuoneshe yako ni gani," Kailemia anasema.

Hapo Ngari anakwama. Mnunuzi alimtajia idadi kwa simu, naye akakubali akiwa ofisini. Hajawahi kuizungukia miti hiyo moja moja tangu babake azikwe. Namba za mnunuzi zimeshuka hadi karibu na njia ya katikati, za Nelius zimepanda hadi hapo hapo, zote nyeupe, na minne sasa imechubuliwa. Kailemia anamgeukia Nelius.

"Hizi nne zote ni zako?"

Nelius anaiangalia. Mitatu anaijua kama watoto wake. Wa nne, ule aliousugua gizani, haujui. Angeweza kusema ndiyo, ukapona.

"Hiyo ya juu sina hakika," anasema. "Kulikuwa na giza. Pengine nimefuta yako."

Ngari anaguna. Kailemia anavua kofia, anajikuna kichwa. Maneno hayo yamemwangusha Nelius machoni pao, kwa kuwa sasa amekiri kwamba hata mwenyewe hajui alichofuta. Anasema baadaye kwamba hapo ndipo alipokata tamaa kabisa, akamwona Mama amelala chini.

Ni Mwalimu Makandi anayeingilia. Amekuwa akiwazuia watoto kwa mkono mmoja, na masikio yote yako huku.

"Hawa watoto wamecheza hapa kabla hata hiyo rangi haijakuja," anasema. "Wako na vitendawili vyao. Waacheni wacheze. Mti watakayosimama ni ya msako. Ile hawatafika, fundi, hiyo ni yako."

Kailemia anairudisha kofia kichwani. Kisha anaenda kwenye pikapu, anaifungia pawaso ndani, anatia ufunguo mfukoni. "Wakiwa ndani ya miti siwashi kitu," anasema. "Wacheze."

Vikundi vinagawanywa. Nelius anatega, na watoto hawajui kwa nini leo mama wa miche anatega kama anayesoma hukumu. Wanajibu "Tega!" kwa nguvu zile zile za siku zote, wanatawanyika mteremkoni.

Kikundi cha kwanza kinakwenda moja kwa moja kwa nyumba isiyo na mlango na kusimama mbali kidogo, kwa heshima ya wenye sindano. Namba imefutwa, lakini mzinga uko juu. Kingine kinapata ule uliopigwa na radi ukapona. Kailemia anawafuata nyuma na kipande cha mkaa, na kila mti wanaposimama anauchora mstari mmoja wa kulala. Kwao mafundi, mstari huo maana yake ni pita.

Mti ule wa nne, uliochubuliwa gizani, hakuna mtoto anayeusogelea. Wanaupita wakikimbia. Nelius anauona, anainamisha kichwa. Huo umeuzwa, na utakatwa.

Kisha kikundi cha pili kinarudi kutoka kijitoni bila kukimbia.

Katika hekaheka za asubuhi, Nelius amesahau kukitoa kitendawili cha Bibi kizee. Amekitega kama kawaida. Msichana wa mbele, viatu vikiwa na matope, anasimama mbele ya mwalimu. Anaitwa Gatwiri.

"Mwalimu, tumepata magoti," anasema. "Lakini bibi mwenyewe hayuko. Tutapewa alama?"

Ngari anaelekea kijitoni peke yake, na wengine wanamfuata taratibu. Kisiki kipo, cheupe, kipana kama meza ya kulia chakula, na mizizi yake miwili imeingia majini vile vile kama ilivyokuwa siku zote. Kikundi kizima kimekizunguka. Hawana la kufanya, wanangoja kitendawili kingine.

"Huu nilikata mimi," Kailemia anawaambia watoto. Hakuulizwa. "Nilifikiri umeuzwa. Nisameheni."

Watoto wanamtazama. Mmoja anasema ni sawa, jinsi watoto wanavyosema.

Ngari anakanyaga kisiki kwa ncha ya kiatu, anaurudisha mguu. Anasema babake alikuwa akimnywesha hapo mbuzi wa sikukuu. Alikuwa amesahau kabisa. Halafu anamgeukia Nelius, na Nelius anasimama wima kama mtu wa kortini.

"Hizi za watoto zibaki," anasema. "Lakini nisikudanganye, Nyina wa Rwamba. Januari binti anaingia muhula wa pili. Nikikwama, mimi nina nini kingine? Siwezi kukuahidi kitu."

"Nimesikia," anasema Nelius. Na kweli amesikia: Mama amepata hadi Januari.

Msako unaisha kama unavyoisha siku zote, watoto wamejazana kwenye mizizi ya mti mkubwa, bati linafunguliwa, miche inagombaniwa. Wanapokwisha kuondoka na kufika barabarani, Kailemia anawasha pawaso na kuanza na ule wa nne. Nelius haendi. Anakaa kitaluni, anajaza udongo kwenye vijifuko vya miche, na mti unapoanguka mkono wake unatulia kidogo, kisha unaendelea.

Alasiri Kailemia anapita kumrudishia brashi yake ya waya, iliyosahauliwa mteremkoni. Ngari yuko naye ndani ya pikapu.

"Kazi nimemaliza, lakini ule wa juu kabisa nimeuacha," anamwambia Ngari. "Ule wa mpakani. Jirani yako ametoka akasema hajakubali. Mimi mti ya mpaka sigusi, hata ukinilipa mara mbili."

Ngari anafyonya. Yeye na jirani huyo, Nyamu, hawasalimiani tangu ng'ombe wa mmoja alipokula migomba ya mwingine. Na huku mti ulioota mpakani haukatwi na upande mmoja. Ni lazima nyumba zote mbili zikubaliane, mbele ya watu. Desturi hiyo Nelius ameijua tangu utotoni, kama kila mtu wa huku, na hajawahi kuifikiria zaidi ya kuwa chanzo cha kesi kwa wazee.

Anauweka chini mfuko wa udongo. Anauliza mti huo wa mpakani ni wa aina gani. Kailemia anasema ni muuru, tena mkubwa, umenyooka, ungetoa mbao za ajabu.

Pikapu linapoondoka, Nelius anampigia Mwalimu Makandi. Ana mpango, na anaueleza akitembea huku na huku kati ya miche. Kuanzia msako ujao hakuna namba wala rangi. Hazina haitapewa mtoto mmoja kwenda kuipanda nyuma ya jiko. Watakuja wawili wawili, mtoto na mtoto wa jirani yao wa kupakana, na mche mmoja watauchukua pamoja wakaupande mpakani. Wazazi watashuhudia.

Hofu haijamtoka. Matunda ya Mama mengi bado ni mabichi, tumbili wanayawahi kabla yake, na mbegu ya muuru haiharakishwi, hukaa ardhini hadi mtu aanze kuamini imekufa. Matunda hayo yote yanataka kuokotwa kabla ya Januari, na Januari iko karibu. "Nikipata ya kutosha mipaka ya hii kata peke yake, nitalala," anasema. "Sasa silali."

Mwalimu Makandi, ambaye kazi yake ni kuuliza, anamuuliza itakuwaje watoto hao wakikua, wakawa wakubwa wenye mashida yao, wakakaa chini na kukubaliana kukata.

Nelius anacheka, mara ya kwanza tangu Alhamisi.

"Majirani wakubaliane, Karurumo hii?" anasema. "Mwalimu, wacha wamalize kwanza ile ya ng'ombe na migomba. Wakimaliza, mti itakuwa imewazika wote wawili."